Kidole Kilichonipandishia Presha

Kama umeambiwa juzi kwamba una presha, na sasa unasoma kila unachokipata huku moyo ukikupiga masikioni, kaa kitako kwanza. Mie si daktari. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa, na tangu hapo safari yangu ndefu kabisa ni ya kutoka jikoni kwenda uani. Ninachokijua ni benchi. Benchi la kliniki ya presha nalijua kuliko kitanda changu, na nitaanza nalo kwa sababu hakuna mtu aliyenionya.

Limevikwa plastiki ya rangi ya maini, limepasuka katikati, na ukilikalia kuanzia asubuhi mapaja yanagandana nalo. Ukiitwa jina unanyanyuka kwa mlio, kama plasta inayobanduliwa. Ukutani nyuma yako kuna madoa meusi yaliyopangana, na ilinichukua kliniki mbili kutambua kwamba ni mafuta ya vichwa vya watu walioegemea pale. Nilikuwa nimeshaegemea. Jua likipanda kidogo, choo cha nyuma nacho kinaanza kutoa salamu zake, na mtu akikohoa sote tunageuza shingo upande mmoja kama kuku wa kufugwa.

Nilifikishwa hapo na binti yangu Zuhura, msimu wa maembe. Kichwa kiliniuma kisogoni wiki nzima, nikasema ni jua, halafu asubuhi moja damu ikanitoka puani ikadondokea kwenye unga wa mahamri. Niliutazama ule unga nikaona kinyaa, nikaumwaga, nikaanza kukanda mwingine. Zuhura, aliyekuwa amekuja kunitembelea, akanivua aproni bila kuniuliza.

Nesi wa kliniki alikuwa kijana wa Magarini, jina lake Kazungu, mpole, na viatu vyake vilikuwa vikilia kila hatua. Akanisalimu shikamoo, akanifunga mkanda mkononi, akautazama mtambo, akaufungua mkanda na kunifunga mkono wa pili.

"Mama, umekuja kwa miguu?"

"Kwa miguu. Kwani waniona na mabawa?"

"Kwa kipimo hiki nilitarajia umebebwa."

Halafu akasema neno kiharusi, polepole, huku akinitazama machoni, na utani ukaniishia.

Hapa yabidi nikueleze. Mama yangu, Mungu amrehemu, alianguka uani akianika nguo, na upande wake wa kulia ukafa. Alilala miaka mitatu. Mie ndiye niliyekuwa nikimgeuza, nikimsafisha, nikimlisha uji kwa kijiko na kuufuta uliporudi kidevuni. Nilimpenda, na nilichukizwa, na nilikuwa navyo vyote viwili katika chumba kimoja kila siku. Kuna harufu ya mtu aliyelala muda mrefu ambayo sabuni haiiwezi. Siku nyingine nikimaliza nilikuwa natoka nje natapika kimyakimya nyuma ya tangi la maji ili asisikie. Alikuwa akisikia. Nikirudi alikuwa ameelekeza macho ukutani.

Kwa hiyo nesi aliposema kiharusi, sikuogopa kufa. Niliogopa kugeuzwa. Niliogopa Zuhura atoke nje, nami nibaki ndani nikimsikia.

Zuhura alifikiri hayohayo, maana alikuwepo, alikuwa msichana mdogo akinishikia beseni. Siku ileile aliamua kuhamia kwangu. Mumewe ni mwalimu wa shule ya msingi kule Marafa, na walikuwa hawajamaliza hata miaka miwili ya ndoa. Akampigia simu: "Nakaa na mama mpaka presha ishuke." Mkwe wangu ni mtu mwema, akasema sawa. Hakujua kwamba presha ya mama mkwe wake ina kichwa kigumu kama mwenyewe.

Kidonge cha kwanza kilikuwa cheupe, kidogo, na kilinipa kikohozi kikavu kama cha mbuzi. Nilikohoa mvua za mwaka zikaja zikaondoka. Nilikohoa msibani, watu wakanipisha. Nikakohoa nikicheka mpaka nikajikojolea kidogo, na mtu mzima anayejikojolea kidogo hana namna ya kulisimulia jambo hilo kwa heshima, basi nalisimulia hivihivi. Nesi akanibadilishia. Kidonge cha pili kikaniletea miguu mipya, siijui ya nani. Ilivimba ikang'aa, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki, kama unga ulioumuka. Nilikuwa nakaa kibarazani nikijibonyeza huku nimekunja uso, kisha nabonyeza tena. Zuhura alinigombeza: "Mama, acha kujichezea, unatia kichefuchefu!" Nikamwambia mie mwenyewe kinanitia, ndiyo maana siachi.

Na chakula! Waliniambia niache chumvi. Sasa wewe mtu wa pwani jaribu kula mbaazi chapwa. Jaribu mchuzi wa nazi usiotiwa chumvi, ulivyo mtamutamu wa kipuuzi, unapaka ulimi kama losheni. Papa mkavu wa chumvi alipigwa marufuku asiingie hata kwa lango. Nilikuwa natafuna huku natazama pembeni, kama mtoto anayelazimishwa dawa ya minyoo. Lakini nilikula. Miezi minne, nakuapia, hakuna punje ya chumvi iliyotiwa kwenye sahani yangu.

Na presha haikushuka.

Kila mwezi Kazungu alifunga mkanda, akatazama, akavuta mdomo upande. Akanituma Kilifi nikapigwe picha ya moyo. Huko nilivuliwa juu, nikapakwa kifuani uteute baridi kama kamasi la ng'ombe, na mtu ambaye hakuniambia hata jina lake akauburuza mtambo chini ya titi langu huku akitazama kioo. Moyo, waliniambia, umeanza kunenepa ukuta mmoja kwa kazi nyingi. Nikasema basi umefuata familia. Hakuna aliyecheka. Njia nzima ya kurudi Zuhura aliikunja na kuikunjua karatasi ya majibu.

Nyumbani ndipo aliponena.

"Mama, unakula chumvi kwa siri."

"Mie?"

"Vidonge unameza, nakuona. Mwendo wa asubuhi unatembea, japo kwa kununa. Kimebaki nini? Unakula chumvi nikiwa nimelala."

"Zuhura, naapa kwa—"

"Usiape!"

Akaingia chumbani kwangu akapekua. Akainua godoro, akafungua kasha la nguo, akanusa mikoba. Hakukuta kitu, kwa sababu hakukuwa na kitu. Mie nimekaa kitandani na miguu yangu ya unga, namtazama mwanangu akinipekua kama askari wa forodha, na nilichukizwa naye kiasi ambacho sikujua mama anaweza kumchukia mtoto. Yeye naye alinitazama vilevile. Kisha akasema, taratibu, "Mimi nina mume, mama. Anakula chapati anazopika mwenyewe, zimekatika kama ramani. Nimekaa hapa miezi minne ili usilale kama bibi. Nawe unanidanganya."

Nami nilikuwa sisemi uongo. Hilo ndilo lililonitesa.

Kliniki iliyofuata Kazungu alitukusanya sisi sugu, watu sita ambao presha zetu zimegoma, akatuweka chumba cha mikutano. Akasema ataongeza kitu juu ya vidonge. Si badala, alisema, na alirudia mara tatu maana anatujua. Vidonge tunameza vilevile. Ila atatufundisha kukaa kimya na kuitazama pumzi, kwa sababu mwili ulio mbioni siku nzima unasukuma damu kama mtu anayefukuzwa, na mtu asiyejitazama hajui hata anafukuzwa na nini.

Karibu yangu alikuwa Dama, mkulima wa Jilore, tuliyeanza naye kliniki mwezi mmoja. Dama ndiye aliyekuwa akitandika leso yake benchini ili tukae juu yake mapaja yasigande, na kwa hilo tu nitamwombea dua mpaka nife. Lakini mdomo anao.

"Kama wale Wataliano wanaokunja miguu ufuoni asubuhi," akanong'ona. "Ukikunja hiyo yako, nani atakukunjua?"

"Kukaa tu bila kufanya kitu," nikamjibu. "Kama hiyo ingekuwa dawa, mie ningekuwa na moyo wa ndama."

"Kina mama," Kazungu akasema, "anzeni kwa kunyamaza."

"Huyu Mswahili wa mjini?" Dama akadakia. "Dakika kumi za kunyamaza? Atapasuka. Maneno ndiyo yaliyompandisha presha, hayana pa kutokea."

Tukakaa. Miguu chini, mikono mapajani, macho yamefumbwa nusu. Pumzi inaingia, unajua inaingia. Inatoka, unajua inatoka. Akili ikikimbia, irudishe wala usiigombeze. Rahisi, sivyo? Nitakwambia nilichokiona ndani ya dakika kumi za kwanza: harufu ya kwapa langu; tumbo la mzee wa nyuma likisema mambo; mate yakijikusanya chini ya ulimi, nami najiuliza kama kumeza kunaruhusiwa; na inzi aliyetembea kutoka jicho hadi mdomo kana kwamba ni shamba lake. Nilikuwa nimeishi na mwili huu miaka hamsini na mbili bila kutambulishwa kwake rasmi, na sasa tulipotambulishwa sikuupenda.

Nilimwambia Kazungu hivyo, nikidhani atanifukuza.

"Vizuri," akasema.

"Vizuri nini? Nakwambia ninachukizwa."

"Umekiona kinyaa kilivyokuja?"

"Nimekiona."

"Kikaondoka?"

Nikafikiri. Kiliondoka, kikaja kingine. "Basi," akasema, "hata hicho kitazame. Huna haja ya kukipenda."

Nilifanya mwezi mzima, kila alfajiri baada ya swala, nikiwa bado juu ya mkeka. Sikuona nuru wala sikusikia kinanda. Ila mkanda ulipofungwa tena, moyo haukuruka kama zamani nikiusikia unavyobana, na namba ilishuka kidogo. Kidogo tu. Kazungu akasema kuna kitu bado kinaisukuma. Akanipa zoezi la pili: nichague kazi moja ninayoifanya kila siku, niifanye polepole, bila redio, bila maneno, nikiutazama mkono wangu unapokwenda na unaporudi.

Kazi yangu ya kila siku ni achari.

Sijaitaja mpaka sasa, na hapo ndipo penye aibu, kwa maana sikumtajia nesi pia. Hakuuliza. Nauza achari kibarazani, ya embe na ya ndimu, na watu wanatoka mbali kuifuata. Embe mbichi unazikata na koko zake, unazimwagia chumvi, unazianika kwenye uteo au ungo siku kadhaa mpaka zikunjamane, kisha unatia pilipili na thumu na siki na vyote. Ndimu nazo zinakaa chupani juani na chumvi yake, kila siku unazigeuza. Na unaonja. Achari haina kipimo cha kijiko; kipimo chake ni ulimi.

Basi asubuhi hiyo Zuhura alikuwa anafua. Nikakaa kwenye kibao, nikapumua, nikafungua chupa ya kwanza. Nikautazama mkono. Ukachukua mwiko, ukageuza ndimu. Vizuri. Ukaweka mwiko. Kisha kidole cha shahada kikaingia chupani, kikatoka kinachuruzika, kikaja moja kwa moja mdomoni mwangu.

Sikukituma. Nakuapia, kilikuja chenyewe.

Nikaduwaa na kidole mdomoni. Nikakitoa, nikasema, haya, ni kuonja. Nikafungua ya pili. Mkono ukageuza, kidole kikazama, kikaja. Ya tatu, vilevile. Na hapo nikaona jambo jingine, kwamba kidole kilichotoka mdomoni ndicho hichohicho kilichoingia chupa iliyofuata, hakikupitia maji wala kitambaa. Kati ya chupa ya nne na ya tano mkono ulinifuta jasho chini ya pua. Kisha kidole kikazama.

Nilikuwa na chupa kumi na nane juani. Asubuhi na jioni. Miaka ishirini.

Nilitapika palepale, pembeni ya kibao. Zuhura akaja mbio na povu mikononi, akidhani ndilo lile tulilokuwa tukilingoja.

"Mama! Mkono, inua mkono! Sema jina langu!"

Nikauinua, huo wenye kidole. "Zuhura," nikasema, "nimekiona kinachokula chumvi."

Utaniuliza, mtu mzima na akili zake asijue? Nitakujibu. Tangu utotoni nimefundishwa kwamba kuonja si kula. Ramadhani mpishi huonja chumvi ya mchuzi kwa ncha ya ulimi, na funga yake haivunjiki. Nimeishi na kanuni hiyo kichwani kama ninavyoishi na jina langu. Nesi aliponiuliza unakula chumvi, nilijibu sili, tena kwa dhamiri safi. Ila Ramadhani mpishi hutema. Mie ile miezi mingine kumi na mmoja nilikuwa nameza, na maji ya ndimu ya achari si mchuzi, ni chumvi yenyewe iliyojifunika buibui.

Zuhura alisikiliza mpaka mwisho. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye majimaji, halafu kicheko kikageuka, akawa analia, akanishika ile miguu mibaya akasema, "Nilikupekua. Nisamehe, mama, nilikupekua." Nikamwambia alipekua kila mahali isipokuwa penyewe, ndivyo polisi wetu walivyo.

Achari yote tuliifukia. Kwa wateja nilisema biashara imefungwa kwa sababu za kiafya, na sikufafanua afya ya nani. Ila Dama nilimwambia ukweli, kwa sababu alikuwa akinunua kwangu chupa mbili kila kliniki kupeleka Jilore.

Alinyamaza. Dama, akanyamaza!

"Kwa hiyo nimekula mate yako mwaka mzima," akasema hatimaye.

"Si mwaka mzima. Tulianza kliniki kabla ya mvua."

"Na jasho la pua."

"Kidogo."

Akanisogezea leso, lakini akakaa ncha ya pili kabisa. Baadaye akasema, "Ndiyo maana nzuri vile," na benchi zima likageuka kututazama tunavyocheka na kukohoa.

Sitaki ufikiri presha ilishuka kesho yake. Kwanza ulimi uligoma. Wiki za mwanzo hamu ya chumvi ilinijia kama mwasho ndani ya meno, mate yakinijaa nikipita tu karibu na kile kibao. Hapo ndipo kile kikao cha alfajiri kiliponifaa, kuliko nilivyotarajia. Hamu ikija naketi, naitazama. Inapanda, inanishika taya, inanitukana. Nikiipa pumzi kama ishirini hivi, inalegea. Inarudi tena, nami narudi kuketi. Hakuna siku iliyokuwa tamu. Siku nyingine nilikaa pale nikiwa nimejichukia tu, dakika kumi zote, kisha nikaamka nikateleka uji.

Kama una ugonjwa huu, nakuomba mambo machache ya mtu asiye daktari. Vidonge meza, hata ukijisikia mzima kama ng'ombe. Vikikutesa rudi kwa aliyekupa, usijiachishe. Kuketi kimya keti, usisubiri kutulia ndipo uketi. Na jitazame mikono. Sisemi una achari. Lakini una kitu.

Kusi ilipoanza kulegea miguu ilikuwa imeanza kurudi kuwa yangu. Vuli ilipoanza kudondoka Kazungu alifunga mkanda, akatazama, akafunga mkono wa pili, nami nikajua maana ya mkono wa pili, nikapumua nikingoja.

"Mama," akasema, "hii ni namba ya mtu."

"Ya mtu gani?"

"Mtu wa kawaida. Tuione hivi mara mbili zaidi."

Tukaiona mara mbili zaidi. Ukuta wa moyo walisema wataupima tena mwakani, na huenda usikonde, ila umepunguziwa mzigo. Vidonge ni vya maisha. Kiharusi hakijaapa kwamba hakitakuja, na mie sijakiuliza.

Zuhura alifungasha mkoba Jumamosi asubuhi, akaufungua, akaufungasha tena. Alinipangia vidonge kwenye kisanduku chenye siku za wiki. Alisimama mlangoni, akatoka, akarudi kunusa sufuria ya mbaazi.

"Nikienda ukaanguka?"

"Utarudi. Marafa si Makka. Nenda, mwanangu, yule mwalimu amekonda kwa ramani zake."

Alipokwisha kuondoka, nyumba ilikaa kimya namna ambayo sikuwa nimeisikia tangu msimu wa maembe. Nilipakua. Adhuhuri ilipopita simu ikalia.

"Nimefika. Umekula, mama?"

"Nimekula mbaazi."

"Zina chumvi?"

"Hazina."

"Zilikuwaje?"

"Zinachukiza."

"Umemaliza?"

Niliitazama sahani. "Nimemaliza."

Nyuma yake nikamsikia mkwe wangu, mbali, kama mtu aliye kwenye kabati, akimuuliza mkewe chumvi ameiweka wapi.